Manifoldi ya Hewa kwa Nguvu ya Katikati: Kuichonga ya Awali, Kuiwekea Spesa, au Kufunga Nyingine?

Mwenye gari la michezo anayelalamika kwamba injini yake imelala kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika ana njia kadhaa za kujaribu kabla hajafikiria turbo. Anaweza kuichonga manifoldi ya hewa iliyokuja na gari (chumba cha hewa pamoja na mirija inayoipeleka hewa kwenye silinda), kuinua chumba hicho kwa spesa, yaani kipande bapa cha kuongeza nafasi, kufunga manifoldi ya injini ndugu, kununua manifoldi ya mashindano yenye mirija mifupi, au kuipa kila silinda throto yake, yaani mlango unaopima hewa inayoingia. Njia zote hizi huuzwa kwa maneno yaleyale, kwamba injini "itapumua", ilhali hazifanyi kazi moja, na baadhi yake humwondolea mnunuzi kitu kilekile alichokuwa anakitafuta. Ulinganisho huu unahusu injini ya petroli isiyo na turbo na dereva anayetaka nguvu ya katikati. Anayetaka idadi kubwa ya farasi karibu na mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko ya injini, atakuta kwamba majibu mengi ya hapa kwake yanageuka kinyume.

Urefu wa mrija na wakati wa wimbi

Valvu ya kuingiza hewa inapofunguka na pistoni ikashuka, hewa iliyo karibu na valvu hunyonywa ghafla, na wimbi la upungufu wa mgandamizo husafiri kurudi nyuma ndani ya mrija kwa kasi ya sauti, ambayo katika hewa yenye joto ni takriban mita 350 kwa sekunde. Linapofika pale mrija unapofungukia kwenye chumba cha hewa, wimbi hilo hugeuka na kurudi likiwa la mgandamizo ulioongezeka. Likiifikia valvu muda mfupi kabla haijafunga, hushindilia hewa ya ziada ndani ya silinda bila kifaa chochote cha kushindilia. Likikosea wakati, silinda hukosa hewa hiyo au hata hurudisha nyuma sehemu ya ile iliyokwisha kuingia.

Tuchukue mrija wa sentimita 40 kutoka kwenye valvu hadi chumba cha hewa. Kwenda na kurudi ni sentimita 80, yaani safari ya takriban milisekunde 2.3. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hugeuka nyuzi 30 kwa kila milisekunde, kwa hiyo katika safari hiyo moja imegeuka karibu nyuzi 69. Kwenye mizunguko 3,500 hugeuka nyuzi 21 tu kwa milisekunde, na wimbi lilelile hurudi krenki ikiwa imegeuka nyuzi 48, yaani mapema mno kwa kazi ile. Ili lirudi kwenye pembe ileile ya krenki, mrija ungehitaji urefu wa karibu sentimita 57. Kwa kweli wimbi huenda na kurudi mara kadhaa valvu ikiwa imefungwa, na hesabu kamili ni ngumu kuliko hii, lakini uwiano haubadiliki: kadiri unavyotaka nguvu ije mapema, ndivyo mrija unavyotakiwa kuwa mrefu.

Jambo la pili ni upana. Hewa inayopita kwenye mrija mwembamba huenda kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huipa msukumo wa kuendelea kuingia kwenye silinda hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda. Mrija uliopanuliwa kupita kiasi hupitisha hewa nyingi injini inapokimbia sana, lakini kwenye mizunguko 3,500 hewa hutembea ndani yake polepole na msukumo ule hupotea. Toyota yenyewe ilipitia jambo hili kwenye injini ya 4A-GE iliyotumika katika MR2 ya kwanza. Matundu ya silinda hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) yalikuwa makubwa, kila silinda ikiwa na mirija miwili ya hewa, na mfumo ulioitwa T-VIS ukaufunga mmoja kati ya miwili hiyo hadi injini ifike karibu mizunguko 4,400, ili kasi ya hewa isianguke huko chini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja silinda hedi yenye matundu madogo, na T-VIS ikaondolewa kwa sababu haikuhitajika tena. Fundi anayekwambia kwamba tundu kubwa ni bora siku zote anabishana na waliolitengeneza tundu lenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba nguvu katika kilowati ni torki (nguvu ya kuzungusha krenki) katika Nm ikizidishwa kwa mizunguko na kugawanywa kwa 9,549. Ukiongeza Nm 20 kwenye mizunguko 4,000 umepata kilowati 8.4. Ukipoteza Nm hizohizo 20 kwenye mizunguko 6,500 umepoteza kilowati 13.6. Ndiyo maana karatasi ya vipimo inayotaja kilele cha farasi peke yake huipendelea manifoldi ya mashindano, hata kama gari limekuwa zito kuendesha barabarani.

Spesa chini ya chumba cha hewa

Mfano bora wa spesa ni Nissan 350Z iliyotoka mwaka 2002 na injini ya VQ35DE, V6 ya lita 3.5. Kifuniko cha juu cha chumba chake cha hewa kimeinama kuelekea mbele, kwa sababu ya boneti na upau unaounganisha minara ya shokomzoba, hivyo nafasi iliyo juu ya midomo ya mirija ya silinda ya 1 na ya 2 ni finyu kuliko ile ya silinda za nyuma. Hewa huingia kutoka upande mmoja na kuzifikia silinda za nyuma kwa urahisi, ilhali hizi mbili za mbele hupata taabu. Spesa inayotumika sana ina unene wa inchi 5/16, takriban milimita 8, na huwekwa kati ya kifuniko na sehemu ya chini ili kuinua dari hiyo. Mirija haiguswi, urefu wake haubadiliki, na kwa hiyo mawimbi yaliyopangwa na kiwanda hubaki mahali pake. Kinachobadilika ni ugawaji wa hewa kati ya silinda.

Hapo ndipo ninapoiona spesa kuwa chaguo la busara kwa gari hili na kwa magari machache yanayofanana nalo. Haiharibu kitu, hufungwa kwa zana za kawaida katika nusu siku, na huweza kuondolewa. Spesa nene zaidi, kama ya nusu inchi, hugusa upau wa minara au hulazimisha uondolewe, na upau huo si pambo, kwa hiyo nisingeuacha kwa ajili ya milimita chache za dari.

Lakini spesa hufaa pale tu chumba cha hewa kilipokuwa na kasoro ya aina hiyo. Kwenye injini yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na chumba chenye nafasi ya kutosha, kuongeza ujazo wake hakutatui tatizo lolote, na hutokea mwitikio wa pedali ukapungua kidogo kwa sababu kuna hewa zaidi ya kujaza kati ya throto na valvu. Wamiliki wa 350Z ya mwaka 2007 na kuendelea, yenye injini ya VQ35HR, wana chumba kilichochorwa upya chenye throto mbili, na ile hoja ya silinda mbili za mbele haiwahusu.

Kuna pia spesa za plastiki ngumu zinazouzwa kwa sababu ya joto tu. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za selsiasi, msongamano wake huongezeka kwa takriban asilimia 3, kwa hiyo wazo lina msingi. Ila gari likiwa mwendoni hewa hupita kwenye manifoldi kwa muda mfupi sana na haiwahi kuchukua joto lote la chuma. Faida huonekana zaidi kwenye foleni na mara baada ya kuondoka, na sioni sababu ya kuinunua spesa ya aina hii peke yake.

Kuichonga manifoldi ya awali

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na kwa anayetafuta nguvu ya katikati ndiyo ningeianza. Ukiifungua manifoldi na kupitisha kidole pale inapokutana na silinda hedi, mara nyingi utahisi ngazi ndogo: ukingo wa aluminiamu ulioachwa na kalibu ya kiwandani, au gasketi iliyojitokeza ndani ya njia ya hewa kwa milimita moja au mbili. Ngazi hizo huivuruga hewa mahali ambapo ilitakiwa kupita kwa kasi.

Kazi yenyewe ni ya subira zaidi kuliko nguvu. Gasketi mpya hufungwa kwanza kwenye silinda hedi, umbo la tundu likachorwa juu yake, kisha mchoro huohuo ukahamishiwa kwenye uso wa manifoldi uliopakwa rangi, na kinachosagwa ni kile tu kilicho ndani ya mstari. Usagaji huingia sentimita mbili au tatu ndani ya mrija na kupungua taratibu ili usiache bonde. Mwelekeo wa kosa nao una maana. Mrija ukiwa mpana kuliko tundu la silinda hedi, hewa hugonga ukuta. Ukiwa mwembamba kidogo kuliko tundu, hewa hupita bila shida kubwa na ngazi hiyo hata huzuia kiasi fulani cha hewa kurudi nyuma. Kwa hiyo anayekosea na akosee upande wa kuacha chuma.

Wanaosugua mirija hadi ing'ae kama kioo wanajichosha. Kwenye injini zinazonyunyizia petroli kabla ya valvu, ukuta wenye ukwaruzo mdogo karibu na injekta husaidia petroli isijikusanye kuwa matone, na ukubwa wa mrija una athari kubwa zaidi kuliko mng'ao wake. Mirija iliyopinda kiasi kwamba zana haifiki hushughulikiwa kwa kusukumiwa uji mzito wenye chembe za kusagia, lakini uji huo hupanua mrija wote, na upana wa ziada kwa lengo letu si faida.

Usitarajie miujiza. Kuondoa ngazi hizi hurudisha kile ambacho injini ilikuwa ikikipoteza, na faida huenea sehemu kubwa ya mkondo wa torki bila kuhamisha kilele chake. Gharama kubwa ni muda, pamoja na gasketi mpya, na hatari kubwa ni kutoboa ukuta.

Manifoldi ya injini ndugu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu sehemu ni ya kiwandani, hupatikana kwenye magari yaliyokatwa, na hufungika kwa marekebisho machache. Kisa maarufu ni cha BMW. Injini ya M52 ya lita 2.8, iliyofungwa kwenye 328i na baadaye kwenye Z3, ilipewa mirija myembamba kuliko ya M50 iliyoitangulia, na ilitoa torki ya Nm 280 mapema sana, kwenye mizunguko 3,950. Wamiliki wakagundua kwamba manifoldi ya M50 hukaa kwenye silinda hedi hiyo, na mirija yake mipana huongeza farasi wa juu. Ni kweli huwaongeza, hasa ikiambatana na marekebisho ya programu ya kompyuta ya injini, ila malipo yake hutoka katikati: sehemu ya ile torki ya chini iliyowafanya watu waipende injini hiyo hupungua. Kwa dereva wa mashindano anayekaa juu ya mizunguko 5,000 ni biashara nzuri. Kwa msomaji aliyekuja hapa akitafuta nguvu ya katikati, ni kulipia hasara.

Ndugu mwingine aweza kufaa kwa sababu hiyohiyo iliyogeuzwa. Honda Integra GS-R yenye injini ya B18C1 ilikuwa na manifoldi ya hatua mbili, ambapo mirija ya pili hufunguliwa injini ikifika karibu mizunguko 5,750, wakati Integra Type R ilipewa mirija mifupi ya hatua moja. Wengi huivua ile ya GS-R na kufunga ya Type R kwa sababu ya jina. Mwenye GS-R anayetembea barabarani angefanya vyema zaidi kuhakikisha kwamba vipepeo vya manifoldi yake, yaani vibati vinavyoziba mirija ya pili, vinafunguka na kufunga ipasavyo, kwamba mipira ya kuvinyonya haijapasuka na mhimili wake haujakwama kwa masizi. Nguvu ya katikati iliyopotea kwa mpira uliopasuka hurudi kwa kubadilisha mpira.

Mirija mifupi na throto nyingi

Manifoldi za mashindano zenye chumba kikubwa na mirija mifupi zimetengenezwa kwa ajili ya mizunguko ya juu, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo. Baada ya hesabu ya mawimbi hapo juu, sidhani kama zinahitaji maneno mengi zaidi kwa mtu wa nguvu ya katikati: zina nafasi yake pale injini imeshapewa kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kali na uwezo wa kukimbia zaidi, na si kabla ya hapo.

Throto moja kwa kila silinda ni mjadala mwingine. Mwitikio wake wa pedali hauna mfano, na sauti yake peke yake imeuza seti nyingi. Toyota iliziweka kiwandani kwenye 4A-GE ya valvu 20 mwaka 1991, kwa hiyo si anasa ya mashindano tu. Hata hivyo urefu wa njia ya hewa bado ndio unaopanga mahali pa kilele cha torki, na ili kilele kishuke hadi mizunguko 4,500 midomo ya throto huhitaji kurefushwa kiasi ambacho boneti chache hukubali. Juu ya hayo, kipimo cha wingi wa hewa mara nyingi huondolewa, kompyuta hulazimika kupangwa upya ikadirie hewa kwa pembe ya throto, unyonyaji wa breki huhitaji kukusanywa kutoka kwenye silinda zote, na throto zenyewe husawazishwa mara kwa mara. Kwa lengo letu ni fedha nyingi na kazi nyingi kwa faida inayopatikana kwa njia nyepesi zaidi.

Suluhisho kamili lingekuwa mrija unaobadilika urefu. Mazda 787B iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na midomo ya hewa iliyorefuka na kufupika kadiri injini ilivyobadili mwendo. Porsche nayo iliipa 911 ya kizazi cha 993 mfumo wa VarioRam kwa modeli ya mwaka 1996, mirija ikiwa mirefu chini na mifupi juu, na nguvu ikapanda kutoka farasi 272 hadi 285, torki kutoka Nm 330 hadi 340. Kama gari lako limezaliwa na mfumo wa namna hii, usiuvue kwa sababu ya picha ya manifoldi inayong'aa.

Mahali unapokaa kwenye saa ya mizunguko

Kabla ya kununua chochote, hesabu gia zako. Kwenye 350Z ya gia sita, gia ya pili ina uwiano wa 2.324 na ya tatu 1.624. Ukibadilisha kwenye mstari mwekundu wa mizunguko 6,600, injini hudondokea karibu 4,600. Anayeendesha kwenye njia ya mashindano akikanyaga mafuta hadi mwisho hukaa juu ya 4,600 karibu muda wote, na kile anachokiita nguvu ya katikati kwake ni kati ya 4,600 na 5,500. Anayetoka kwenye kona ya barabara ya mlimani katika gia ya tatu, au anayelipita lori bila kushusha gia, yuko kwenye 3,000. Hawa wawili hawapaswi kununua sehemu moja. Wa kwanza anaweza kufikiria mrija wa wastani na chumba kilichoinuliwa. Wa pili abaki na mirija mirefu ya kiwandani, aichonge, na apeleke fedha iliyobaki kwenye programu ya kompyuta ya injini.

Injini ya VQ35DE ilitoa Nm 371 kwenye mizunguko 4,800, ambayo ni sawa na takriban farasi 250 kati ya 287 zake. Toleo la baadaye, kwenye baadhi ya magari ya gia za mkono, lilitangazwa kwa farasi 300, lakini torki yake ilishuka hadi Nm 353. Mabadiliko hayo yalitokana zaidi na kamshafti na mpangilio wa valvu kuliko manifoldi, ila ni onyo la kutosha kwa anayesoma namba ya farasi na kuishia hapo.

Kipimo cha daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) kifanywe kabla na baada, kwenye mashine ileile, gia ileile, upepo wa tairi uleule, na injini ikiwa na joto lilelile. Tofauti ya asilimia 1 au 2 kati ya vipimo viwili vya gari lisiloguswa ni jambo la kawaida, kwa hiyo faida ndogo iliyopimwa mara moja haina maana. Omba mkondo mzima uchapishwe, ukautazame kati ya mizunguko uliyohesabu kwenye gia zako. Mchanganyiko wa hewa na petroli upimwe pia, maana injini iliyopata hewa zaidi bila petroli ya kutosha inaweza kugonga, yaani mchanganyiko kuwaka wenyewe ndani ya silinda, na kugonga huvunja pistoni.

Kuhusu kufunga, nina ushauri mmoja uliotokana na jioni niliyoipoteza. Nati moja iliniponyoka na kuingia kwenye tundu la silinda hedi ambalo valvu yake ilikuwa wazi, na nikaivua kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya, nikiwa nimeinama juu ya injini hadi giza lilipoingia. Tangu hapo kila tundu hupata kitambaa mara tu manifoldi inapoinuka, na vitambaa huhesabiwa vinapoingia na vinapotoka. Bolti zikazwe kutoka katikati kwenda pembeni kwa hatua, gasketi ya zamani isirudishwe, na injini isiyokanyagwa mafuta ikiwa inapanda na kushuka kwenye mizunguko ya chini, tafuta kwanza mahali hewa inapovuja kwenye spesa au gasketi kabla ya kulaumu programu. Manifoldi ya awali na bolti zake zihifadhiwe kwenye mfuko mmoja wenye lebo, kwani bolti za spesa ni ndefu zaidi, na ukizitumia bila spesa zitagota mwisho wa tundu kabla hazijakaza kitu.